Bodi Yao, Injini Yangu

22 Februari

Landrova imekufa leo. Siku nyingine zote ilikuwa inaugua tu, leo imekufa.

Nilikuwa nimepita Kulamawe nikirudi Isiolo, nyuma kumejaa mitungi ya maziwa ya ngamia, jua limeanza kuuma. Nikasikia kishindo ndani ya injini, kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo, halafu moshi ukafunika kioo, halafu kimya. Kufungua boneti, nikaona tundu ubavuni mwa injini na kipande cha chuma kimechomoza. Hakuna fundi wa kuziba tundu kama hilo.

Lori la changarawe lilitukokota hadi mjini. Maziwa yalikuwa yameshachacha. Habibo alikuwa amekaa mlangoni pa duka akitungoja. Hakuuliza kama niko mzima. Aliuliza maziwa yako wapi.

Naandika haya kwa sababu tangu Godana afariki sina mtu wa kuzungumza naye habari za gari. Landrova ilikuwa yake. Ni ile ndefu ya zamani, ya petroli, imezaliwa kabla yangu. Mimi nilianza kama mpakiaji wa mitungi, na Godana mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuendesha. Wenzake Waborana walimcheka kwa kumpa mwanamke, tena Mturkana, usukani wake. Akawajibu kwamba Peris hatafuni miraa na hasinzii. Alipokufa mwaka jana, nduguye Huqa alilizunguka gari mara moja, akasema hicho ni chuma chakavu, mjane Habibo akitaka afugie kuku. Hakuna aliyeligusa tena. Mimi nikaendelea kuendesha, Habibo akaendelea kuuza, na faida tukagawana nusu kwa nusu. Amran, binti yake, na Lorna wangu wamesomeshwa na gari hilo.

25 Februari

Leo hakuna kazi. Jana hakukuwa na kazi.

1 Machi

Wenzetu Waislamu wamefunga Ramadhani. Huu ndio mwezi ambao Nairobi inalilia maziwa ya ngamia, na sisi gari letu liko juu ya mawe.

Tulikutana kwa fundi Ekitela, pale gereji yake. Mimi, Habibo, na Huqa aliyekuwa mjini kwa biashara yake ya mbuzi akaja kutoa maoni bila kuombwa. Ekitela alitueleza kwamba injini ya asili haipatikani nzima, na hata ikipatikana itakunywa petroli vilevile na kuvuta kwa shida vilevile. Kwa hiyo tubadilishe. Akatutajia mbili: ile kubwa ya petroli ya silinda sita, ambayo ina nguvu za kung'oa mti, na ile ndogo ya dizeli inayotoka kwenye pikapu za mjini, ambayo lita chache inakufikisha Garbatulla kwenye maziwa na kukurudisha.

Nilisema silinda sita. Sikufikiria hata kidogo. Nimesukuma gari hilo kwenye udongo mweusi miaka mingapi, nimelala kando ya laga, yale makorongo ya mvua, nikingoja maji yapungue, nimechimba magurudumu kwa sahani ya kulia chakula. Nimechoka kuwa mnyonge mbele ya matope. Huqa akaniunga mkono. Alisema gari la mwanamume lazima lisikike kabla halijaonekana.

Habibo akasema dizeli ndogo.

Nilimwambia wewe unakaa dukani kivulini, hujui barabara. Akanijibu taratibu, "Mama Lorna, wewe unajua barabara. Mimi najua kile kinachobaki baada ya barabara."

Tukaachana hapo. Nilimwona mchoyo, na niliona Huqa ana akili kuliko nilivyodhani.

3 Machi

Habibo amepita kanisani kwetu akaniona, akapita.

8 Machi

Leo nimejifunza kitu, na sikupenda kujifunza.

Mworia, yule Mmeru anayepeleka mboga na viazi Garbatulla, ana gari kuukuu aliloliwekea injini ya silinda sita ileile ninayoitaka. Nilimwomba nipande naye. Kutoka Isiolo nilikuwa nacheka peke yangu. Gari linaruka. Kwenye mchanga halishuki gia, kwenye mlima halijui kama ni mlima. Nikawa naendesha kichwani mwangu.

Kabla ya Garbatulla sindano ya petroli ilikuwa imelala chini. Mworia akasimama kwa mama anayeuza petroli kwa chupa, akamimina chupa zote za huyo mama, na nyingine za jirani yake. Nilimuuliza kama kila safari ni hivi. Akasema kila safari, na kwamba viazi vyake vinaishia ndani ya tangi. Halafu tukiwa tunatoka mchangani akakanyaga kwa nguvu, tukasikia kitu kikikatika chini. Ekseli. Magurudumu na gia ni vya zamani, havikuumbwa kubeba hizo nguvu. Alikuwa na nyingine nyuma ya kiti. Anasafiri na ekseli ya akiba kama mtu anavyobeba maji.

Nilirudi Isiolo juu ya lori la ng'ombe. Njiani niliwaza maneno ya Habibo, nikawa na hasira zaidi, sasa kwa sababu alikuwa sawa.

Lakini na yeye hayuko sawa kabisa. Ile dizeli ndogo nimeiona ikipandisha mizigo ya kawaida hapa mjini, inalia kwa gia ya kwanza mpaka rejeta inachemka. Iweke kwenye matope ya Aprili na mitungi nyuma, itabaki hukohuko.

10 Machi

Nimekwenda kwa Habibo wakati wa kufuturu. Nilipiga hodi na salaam aleikum yake, akanikaribisha kama vile hatujagombana. Uji, tende, sambusa. Baada ya yeye kuswali tukazungumza. Nilimweleza ya Mworia, bila kumficha kitu. Yeye naye akakubali kwamba Godana aliwahi kumwambia gari lisilo na nguvu hula zaidi kuliko lenye nguvu, kwa sababu linakaa gia ya chini siku nzima.

Tulimpigia Ekitela simu palepale. Akasema kama tunataka ya katikati ipo: dizeli ya Nissan, silinda nne, si ndogo na si kubwa, haina turbo wala waya za kompyuta. Mafundi wengi wameiweka kwenye Landrova. Haina mbio, ila inavuta kuanzia chini, na haivunji ekseli. Itabidi achonge sahani ya chuma ya kuiunganisha na gia za zamani. Alisema, "Dada, hiyo haitakufurahisha siku ya kwanza. Itakufurahisha mwaka wa tano."

Habibo hana kitu. Bodi ya gari ni yake, injini itakuwa yangu. Tulikubaliana hivyo tukiwa tumekaa mkekani, na Amran akisikia. Nina ngamia wawili majike, akiba yangu yote, wanaolishwa pamoja na kundi la familia ya mumewe. Nitawauza.

14 Machi

Ngamia wameuzwa. Yule mkubwa aligoma kupanda lori. Sikuangalia mpaka mwisho.

22 Machi

Injini ilifika wiki iliyopita ikiwa imefungwa kwa turubai, nyeusi, imepakwa mafuta, nzito kuliko nilivyofikiri. Ekitela ameishughulikia wiki nzima. Amechonga sahani, amesogeza rejeta, amechomelea mikono mipya ya kuishikilia. Alipoiwasha mara ya kwanza ilikohoa, ikatulia, ikaanza kusema kwa sauti nzito ya chini kama mzee anayesimulia bila haraka. Habibo alicheka mpaka akajifunika uso kwa shuka. Sijamwona akicheka hivyo tangu msiba.

Huqa alikuja, akasikiliza, akasema hiyo ni injini ya posho mill, ya kusagia mahindi. Akaondoka.

29 Machi

Garbatulla na kurudi, mzigo kamili. Tangi limebaki na zaidi ya nusu. Nimelala kama mtoto.

31 Machi

Idd. Habibo ameniletea pilau na mguu wa mbuzi nyumbani kwangu Kambi Garba, amekaa mpaka alasiri.

6 Aprili

Mvua imeanza. Mara moja tu, lakini ya nguvu.

9 Aprili

Mvua. Nimepita mahali ambapo malori matatu yamekwama. Sikusimama kujivunia, ila nilipita polepole.

13 Aprili

Nataka kuandika kabla sijasahau.

Leo Habibo alikuja nami Garbatulla kuongea na akina mama wa maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa tunamaliza kupakia Huqa alipokuja akikimbia, viatu mkononi. Mke wake Bisharo alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na wahudumu walisema lazima apasuliwe, na upasuaji uko Isiolo. Ambulansi ilikuwa upande wa pili wa laga, haiwezi kuvuka. Huqa hakuwa na sauti yake ya kawaida. Alisema, "Peris, nakuomba."

Tulishusha mitungi yote, tukaiacha chini ya mti. Tukamlaza Bisharo nyuma juu ya godoro, Habibo akampakata kichwa. Huqa akakaa mbele nami.

Laga ilikuwa imejaa. Maji ya rangi ya chai, yanakwenda kwa kasi, na kingo zote mbili ni udongo mweusi. Upande wa pili watu walikuwa wamesimama karibu na ambulansi, wakinipungia mikono nisijaribu. Nilishuka, nikaingia majini kwa miguu mpaka kiunoni nikapima chini. Changarawe. Nikarudi, nikavua mkanda wa feni ili feni isirushe maji, nikaweka gia nzito, nikaingia.

Huqa alikuwa anapiga dashibodi akisema kanyaga, kanyaga mafuta. Sikukanyaga. Kwa silinda sita ningekanyaga, na ekseli ingekatika katikati ya maji. Kwa ile ndogo ya mjini ningekanyaga nisipate kitu. Hii niliiacha iende kwa mwendo wake. Maji yakafika kwenye taa, yakaingia miguuni kwetu. Gari likasogezwa pembeni na mkondo, nikalirudisha. Nilisikia Bisharo akilia na Habibo akimsomea dua. Injini haikubadilisha sauti hata kidogo. Kwenye ukingo magurudumu yaliteleza, yakachimba, nikasubiri, yakashika, tukapanda kama mtu mzee anayepanda ngazi.

Wahudumu walimwangalia Bisharo upande ule, wakasema gari lao lina kitanda na dawa lakini halitapita matope yaliyobaki mbele. Muuguzi akahamia kwetu na begi lake. Tukaenda hivyo mpaka Isiolo, na jua lilikuwa bado halijatua tulipofika hospitali.

Mtoto wa kiume. Mama yake yuko hai.

Huqa alitoka wodini akaweka kiganja chake juu ya boneti, akalia. Alinishika mikono yote miwili. Kisha, akiwa bado anafuta macho, aliingiza kichwa dirishani akaangalia sindano ya dizeli. Akaniuliza kama ni kweli safari yote ile imekunywa hicho tu. Nikasema ni kweli.

Nilifikiri anashukuru.

15 Aprili

Maziwa tuliyoyaacha chini ya mti yamemwagwa. Hakuna mama hata mmoja aliyenung'unika.

20 Aprili

Pasaka. Nikitoka kanisani nimemkuta Huqa nje ya uzio wa Habibo, amekaa kwenye kiti cha dereva. Anageuza usukani huku na huku. Alisema anamkumbuka kaka yake. Nikamwacha amkumbuke.

24 Aprili

Huqa ameomba gari kwa siku moja, kuleta mbuzi mnadani. Habibo ameshindwa kukataa.

26 Aprili

Siku moja haijaisha.

28 Aprili

Gari limerudi. Nyuma kunanuka mbuzi, na mtungi wa kwanza wa maziwa nilioupakia umeingia harufu. Mnunuzi wa Nairobi ameurudisha.

3 Mei

Ameliomba tena. Hakuniomba mimi. Nilifika asubuhi nikakuta alama za magurudumu tu. Nilimuuliza Habibo kwa nini hakunipigia simu. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Alisema Huqa ni kama baba wa nyumba sasa. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana, gari likiwa chuma chakavu, alikuwa baba wa kuku. Hakucheka.

Mvua inanyesha kila siku. Akina mama wa Garbatulla wananipigia kuuliza kama nakuja.

7 Mei

Ekitela ameniambia alichosikia mnadani. Huqa amepata dereva, kijana wa mjomba wake. Anasema gari la kaka yake limefufuka.

Nimemwambia Ekitela kwamba gari halikufufuka, lilifufuliwa, na aliyefufua bado yuko hai.

9 Mei

Niliitwa kwa Habibo baada ya swala ya adhuhuri. Uani kulikuwa na Huqa, wazee wawili wa ukoo wao, na Habibo kwenye mkeka wa pembeni. Bisharo alikuwa ndani nyuma ya pazia na mtoto. Nilimsikia mtoto.

Huqa alizungumza vizuri sana, hilo sitamnyima. Alinishukuru kwa kumwokoa mke wake, akawaeleza wazee ya laga neno kwa neno, mpaka wakatikisa vichwa kwa mshangao. Alisema mimi ni dada yao. Kisha akasema mali ya marehemu imekaa nje ya mikono ya familia muda mrefu, na si vizuri watu waone mjane wa Godana anategemea dereva wa nje. Kuanzia sasa gari litaendeshwa na mtoto wa nyumbani. Maziwa yatabebwa nafasi ikipatikana.

Nikauliza, "Na injini?"

"Injini imeshaingia kwa gari," akasema Huqa. "Maziwa ikiingia kwa chai, utaitoa?"

Mzee mmoja akauliza injini ilinunuliwa na nani. Huqa akasema ilinunuliwa kwa biashara ya gari, kwa hiyo ni ya gari. Nikawaeleza wazee habari za ngamia wawili. Huqa akasema ngamia hao walikuwa wakilishwa kwenye kundi la Godana, nani ajuaye walikuwa wa nani.

Kulikuwa na mtu mmoja uani aliyejua. Nikamgeukia.

"Mama Amran, waambie."

Habibo alivuta shuka yake mpaka kwenye paji la uso. Aliangalia mkeka. Nilisubiri. Nimemsubiri mwanamke huyo mara nyingi maishani, akihesabu mitungi, akimaliza kuswali, akilia kaburini kwa mumewe, na sijawahi kuona kusubiri ni kazi. Leo nilijua.

Akasema, "Mimi ni mjane. Nyumba hii ni ya hawa watu. Wakiniambia nihame, nitaenda wapi?"

Hakuna aliyemuuliza hilo. Lakini ndilo jibu alilolitoa, na kila mtu alilielewa.

Huqa akatabasamu. Nadhani tabasamu lile ndilo lililonisaidia, kwa sababu yule mzee aliliona. Akasema kama Mturkana huyu anaapa kwa Mungu wake kwamba aliuza wanyama wake, na hakuna anayesimama kumpinga kwa kiapo, basi kilicho chake ni chake. Nikaapa. Huqa hakuapa kinyume, ila alicheka. "Sawa. Ing'oe basi. Ibebe kichwani upeleke Kambi Garba."

Alidhani nitaomba. Nikamwambia nitakuja kesho.

10 Mei

Ekitela alikataa mwanzoni. Alisema katika kazi zake zote hiyo ndiyo akipishana nayo barabarani husimama kuisikiliza. "Dada, ukiitoa, hiyo gari itakuwa sanduku, na injini yako itakuwa jiwe. Mtabaki bila kitu wote wawili."

Nikamwambia najua.

Alikuja na watu wawili wa gereji, nguzo tatu na mnyororo wa kunyanyulia. Mvua ilianza tulipofungua boneti. Majirani walitoka na miavuli, wakasimama kwenye uzio. Huqa aliweka kiti barazani akakaa akitazama, miguu ameipandisha, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nilifungua nati kwa mikono yangu. Zile za sahani aliyoichonga Ekitela zilikuwa ngumu, kwa sababu alizifunga zisifunguke. Tulimwaga maji ya rejeta, tukakata bomba za dizeli, tukachomoa waya mmoja mmoja. Mnyororo ulipokaza, gari zima lilinyanyuka mbele kidogo kama linaikatalia, halafu injini ikaachana nalo, ikaning'inia hewani inazunguka polepole, mvua inaipiga.

Hapo Bisharo alitoka. Mtoto alikuwa mgongoni. Huqa alimwambia arudi ndani, na sidhani kama hakusikia. Alishuka mpaka uani kwenye matope, akavua leso yake ya begani, akaizungusha juu ya injini kuziba matundu ya hewa maji yasiingie. Aliifunga fundo mara mbili. Hakuniangalia. Akarudi ndani.

Habibo hakutoka kabisa. Dirisha lake lilikuwa wazi na pazia halikusogea.

Tulipoondoka na mkokoteni wa punda, nilitazama nyuma. Boneti ilikuwa bado imefunguliwa.

13 Mei

Injini iko sebuleni, juu ya mbao, imefunikwa turubai. Lorna amesema nyumba inanuka gereji. Nimemwambia azoee.

17 Mei

Nimetafuta bodi nyingine. Kila Landrova ninayoonyeshwa imeoza chini, au mwenyewe anaipenda.

22 Mei

Habibo alikuja leo. Alisimama mlangoni, akaiona ile turubai, akajua ni nini. Nilimwekea kiti. Sikumwekea chai, na nimeona aibu baadaye, lakini si sana.

Alinipa habari. Amejaribu kukodisha pikapu, nauli inameza faida. Akina mama wa Garbatulla wanawapa ndama maziwa ya asubuhi, ya jioni wanamwaga. Mnunuzi wa Nairobi ameshapata watu wengine. Huqa amekubali jambo: nikirudisha injini, nitaendesha tena, lakini gari liwe kwa jina lake na mimi nilipwe mshahara. Habibo aliyasema hayo kwa haraka, akiangalia mikono yake, kama mtu anayetema dawa.

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anaona ni haki.

"Haki siijui," akasema. "Najua watoto wa watu wanakula kwa maziwa hayo. Ungeningoja kidogo, Mama Lorna. Wanaume wakitulia ningezungumza."

"Nilikungoja," nikasema. "Mbele ya watu wote, nilikungoja."

Alilia. Zamani ningeinuka. Nilikaa nikasikiliza mvua ya mwisho ya msimu ikipiga mabati, na niliwaza kwamba tuligombana wiki nzima kuhusu nguvu na mafuta, tukapima kila kitu, injini ipi haitavunjika ikibebeshwa uzito. Wenyewe hatukujipima.

Alipoondoka aliniambia mtoto wa Bisharo ameanza kunenepa.

27 Mei

Landrova imenipita leo karibu na mnada. Huqa ameiwekea silinda sita. Nilitarajia niisikie ikikatika ekseli hapohapo, Mungu anisamehe, lakini ilipita vizuri, imejaa mbuzi, inanguruma, yule kijana ameweka kiwiko dirishani. Inakunywa, bila shaka. Mbuzi wanalipa.

Watu waligeuka kuitazama. Ilisikika kabla haijaonekana.

1 Juni

Ekitela amepata mnunuzi. Ni kikundi cha wakulima kule Rapsu, upande wa Kinna, wanaotaka injini ya dizeli ya kuzungusha pampu ya maji. Nilimwambia hapana. Jioni nikamtumia ujumbe, nikasema ndiyo. Lorna anahitaji karo, na mimi siwezi kuendelea kula chakula huku naiangalia.

4 Juni

Wameichukua. Leso ya Bisharo niliifungua, nikaifua, nikamtumia kwa mtu anayekwenda Garbatulla.

15 Juni

Nimekwenda Rapsu. Nilijiambia nakwenda kutafuta vitunguu vya kuuza, kwa sababu lazima nianze jambo jingine, na ni kweli nilitafuta vitunguu.

Upepo wa kiangazi umeshaanza, vumbi linapita juu ya barabara ambayo mwezi uliopita ilikuwa matope. Niliisikia kabla sijafika shambani. Ningeijua popote. Wameifunga kwenye msingi wa saruji chini ya kibanda cha makuti, mkanda umeunganishwa na pampu, na bomba linatupa maji kwenye mfereji bila kupumzika. Vitunguu ni vya kijani mpaka mwisho wa macho.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee anaitwa Waqo, alinitembeza. Hakunijua. Alisema walikuwa na injini mbili kabla ya hii, moja kubwa iliyowamalizia mafuta, moja ndogo iliyokufa kwa joto. Hii inafanya kazi kutwa, haichemki, na dizeli yake ni kidogo mpaka wanachama walidhani yeye anaichanganya na maji. Alisema aliyeichagua alikuwa na akili.

Nikasema labda alikuwa na bahati.

Aliniuliza kama mimi ni fundi, kwa jinsi nilivyokuwa naisikiliza. Nikasema hapana, nilikuwa dereva. Akasema pole, nadhani kwa sababu ya sauti yangu, akaenda kunipimia vitunguu.

Niliingia kibandani nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa ya moto, inatetemeka sawasawa, haikosei. Nilikaa hapo kitambo, mguu wangu wa kulia ukikanyaga udongo bila mimi kuutuma. Injini ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosogea isipokuwa maji.